Breki za nyuma zimeshika, na diski sijafunga

Nilipanga kutoa drami za nyuma niweke diski. Kalipa mbili za mtumba (za kubana pedi kwenye diski) nilishanunua, na kipande cha chuma bapa cha milimita 10 cha kuchongea bereketi ya kuzishikilia kipo. Vyote vimelala chini ya meza. Gari linasimama vizuri kwa drami zilezile za Hilux.

Mnaoufuatilia mradi mnaijua hali yake: chasisi ya Hilux, bodi ya mabomba ya kuchomelea, springi za nyuma zimepandishwa inchi 2. Tangu kupandishwa, ukikanyaga breki pua inazama na nyuma haina habari. Kilichonichosha ni mteremko wa Marangu kushuka Himo. Chini kabisa niliegesha, nikadondoshea maji kwenye diski ya mbele: chwaa, mvuke. (Tone moja tu, msije mkamwaga chupa nzima mkapinda diski.) Kwenye drami ya nyuma tone lilitulia, likateleza taratibu, likaingia vumbini.

Shuu (zile zinazosugua ndani ya drami) nzima, silinda za magurudumu hazivuji, hewa imetolewa kwenye mafuta ya breki. Vile viwiko vya hendibreki nyuma ya bamba la drami navyo nilivifungua na kuvipaka grisi, maana kwenye Hilux vikiganda kwa tope shuu hazijirekebishi tena. Nyuma bado baridi. Gereji zote za mtaa wa Majengo wimbo ni mmoja: "Kaka, tupa drami, weka diski."

Kumbe mchawi alikuwa vali ya mzigo, ile iliyo kwenye chasisi na kifimbo chake kinashuka kushika difu kwenye ekseli ya nyuma. Gari likibeba, chasisi inashuka, kifimbo kinapanda, vali inaachia presha zaidi kwenda nyuma. Likiwa tupu inabana, ili tairi za nyuma zisifunge (kuacha kuzunguka na kuburuzika) kabla ya za mbele. Springi ziliponyanyua chasisi, kifimbo kikavutwa chini, vali ikaamini gari ni tupu kuliko lilivyotoka kiwandani. Na hapo ndipo diski zingeniumbua: kwenye drami shuu moja hujivuta yenyewe drami inapozunguka, ila pedi za diski hazina msaada huo, zinataka presha kubwa zaidi. Ningetumia hela yote nipate breki mbovu kuliko nilizokuwa nazo.

Dawa ya mtaani ni kukifunga kifimbo juu kwa waya. Tulikifunga. Kwenye barabara ya vumbi nyuma ikafunga kwanza, mkia ukataka kunipita. Bodi yangu haina uzito nyuma, kwa hiyo kubanwa kidogo kunahitajika kweli, ila si kiasi kile.

Vali hiyo nimeing'oa, nimeweka ya kitasa unachokizungusha kwa mkono kuchagua presha ya nyuma. Angalieni, vali ya zamani ilikuwa na paipu ya ziada kutoka mfumo wa mbele. Hiyo lazima izibwe kwa boliti yake.

Na hapa niseme kuhusu kifaa cha kupanulia mdomo wa paipu ya breki ili ikae vizuri kwenye nati. Vile vya bei rahisi vinavyouzwa kwenye boksi jekundu ni takataka: vinashika paipu upande mmoja, mdomo unatoka umepinda, mafuta yanalia tii tii kwenye nati. Nimeazima cha kubana kwenye vaisi na mdomo wa kukunja mara mbili umetoka safi mara moja. Spana ya kawaida nayo iwekeni mbali na nati za paipu. Tumieni ile ya mdomo uliokatwa, inakumbatia karibu pembe zote.

Kitasa nimekirekebisha dogo akiwa amesimama kando ya barabara anaangalia tairi zipi zinafunga kwanza. Sasa mbele inatangulia kidogo tu. Nimeshuka Marangu tena na kipima joto cha kuelekeza: mbele nyuzi 170, nyuma 95. Mafuta ya breki ni DOT 4 mapya, yanaanza kuchemka nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu ni 155 tu, kwa hiyo ya zamani nimemwaga yote.

Kile chuma cha milimita 10 nimeshakichora upya. Kinakuwa kitako cha hendibreki ya mafuta, ya kukatia kona kali. Kazi ya usukani, niliyokuwa nimepanga ifuate, itasubiri.