Kila upepo una kwao

Jua la leo hapa Wete si la kuaminika. Karafuu zimo jamvini tangu asubuhi na mie nipo kibarazani nazilinda. Kusi hili, upepo wa kusini, halina adabu: mbingu nyeupe, mara kiwingu, manyunyu, kisha jua tena kama hakukuwa na kitu. Na karafuu ikirowa kabla haijakauka, hiyo ni mpeta, bei imekwenda.

Mwanangu kaniuliza kwa nini Januari nguo zakauka upesi na sasa zinalala kambani. Nikamwambia mambo yote ni hewa imetokea wapi. Ya kusi huanzia kwenye mgandamizo mkubwa wa hewa huko Bahari ya Hindi, pande za Mauritius. Kwao Juni na Julai ni baridi, na njia nzima ni bahari, basi hufika imepoa na imebeba unyevu. Ya kaskazi, upepo wa kaskazini, hutoka Bara Arabu na Asia, ambako Januari nchi kavu imepoa. Hewa yake huondoka kavu, na ijapokuwa huokota unyevu baharini, kwetu huleta joto na siku ndefu za jua.

Mvua kubwa ni pale pande hizi mbili zinapokutana juu yetu, Machi hadi Mei. Hewa hukosa pa kwenda, hupanda juu, hupoa, na masika ndiyo hayo. Vuli vivyo hivyo, ila haina nguvu hizo.

Mlioko Makunduchi, huko kunanyesha?