Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya kujenga fremu ya nyanya

Saa 12 asubuhi. Nimeshatoka nje na kanga mbili mabegani, maana huku Bigwa, Morogoro, mwezi wa sita asubuhi kuna baridi kweli, milima ya Uluguru yote imejifunika ukungu. Nazunguka miche yangu ya nyanya, aina ya Anna, ishirini, mistari miwili ya kumi kumi, kutoka mche hadi mche sentimita 60. Imefika juu kidogo ya kifundo cha mguu. Huu ndo muda wake wa kusimika nguzo, ukisubiri iwe mirefu mizizi inakuwa imeshatanda na kila shimo unalochimba unaikata.

Mwaka jana nilisimamisha kwa matete na kamba za viroba. Ikaja mvua ya usiku mwezi wa nne, asubuhi nafungua mlango mstari mzima umelala kwenye tope, matunda ndo kwanza yanaanza kuiva, siku chache mbele majani yakapata madoa ya kahawia na matunda yakaanza kuoza, ugonjwa wa baka jani huo, majani yanayogusa udongo wenye maji yanaugua upesi. Nililia jamani. Miezi mitatu ya kumwagilia imeenda.

Saa 2. Baba mdogo kaja na guta, mirunda minane ya futi tisa na mingine minne mifupi. "Shikamoo baba mdogo." "Marahaba mwanangu, umeamka? Lete kopo nipake oil chafu mchwa wasile." Hapo tukabishana kidogo kwa heshima, maana oil chafu kwa nguzo ya banda sawa, lakini hapa nguzo inakaa kwenye udongo ninaolia chakula, sitaki. Nikamwomba tubabue kama babu alivyokuwa anafanya. Tukamenya maganda, tukawasha moto, ile sehemu ya kwenda chini tukaigeuza geuza mpaka ikawa nyeusi yote kama mkaa. Mwenyewe akaishia kusimamia ule moto asimwachie mtu.

Saa 3 mpaka saa 6 ni mashimo tu. Nguzo nne kila mstari, kila mita mbili nguzo moja, futi mbili chini na saba juu, zile nene tukaziweka mwisho huku na huku. Shimo la tatu tukakuta jiwe, mtaimbo unaruka tu, tukahangaika nalo karibu nusu saa. Halafu kufukia, na hapa naomba mnielewe vizuri kwa sababu watu wengi wanamwaga udongo wote kwa mpigo wanakanyaga na viatu basi. Sisi tulimwaga kidogo na kokoto, tunashindilia kwa kitako cha mtaimbo mpaka mlio unabadilika unakuwa mzito, ndo tunaongeza tena. Nguzo ya kwanza ilivyokamilika niliisukuma kwa bega haikutikisika.

Saa 7. Ugali, dagaa na nyanya za kununua, na kuzinunua kunaniuma.

Saa 8 tukaanza waya. Kwenye hadiwea walinishauri binding waya kwa kuwa ni rahisi, mimi nikachukua waya mnene zaidi, geji 12, binding ni laini, ikibeba uzito inavutika inalegea. Tukafunga juu ya nguzo, tukaukaza kwa plaizi, na hapo hapo nikaona nguzo ya mwisho inainamia ndani kama mtu anarukuu. Ndivyo ilivyo, nguzo za katikati zinabeba tu, za mwisho ndo zinavutwa, sasa ukiziacha peke yake fremu nzima itaanguka ikianzia pale. Tukalegeza waya. Baba mdogo akakata pengo kwa panga sehemu ya juu ya nguzo, akaingiza mrunda mfupi kwa mshazari kutoka ndani ya mstari, chini yake tukazika jiwe bapa uegemee, juu misumari miwili ya inchi 4. Tukafanya hivyo kona zote nne, tukakaza upya, safari hii haikusogea. Ndo tukapitisha fito juu kuunganisha mistari miwili upepo wa mlimani usiisukume kwa ubavu. Watoto wakasema mama umejenga goli!

Saa 10. Kamba. Nimetumia ya katani, sisi tuko Morogoro mkonge tunao, na manila nyembamba inakata shina likinenepa. Baba mdogo anavuta sigara kwa hiyo nikamwomba anawe kwa sabuni kabla hajagusa miche, kuna ugonjwa wa virusi wa tumbaku unaohamia kwenye nyanya kwa mikono, akanawa bila neno. Kila mche kamba yake, chini natengeneza kitanzi kinachoingia vidole viwili, sikazi kabisa, juu nafunga fundo la kufunguka na kuacha mita moja ya ziada. Nyanya haina vikono vya kujishikilia kama karakara (pasheni), kwa hiyo kila wiki nitakuwa naizungushia kamba mwenyewe, upande ule ule, huku natoa machipukizi ya kwapani, yale yanayoota kati ya jani na shina.

Saa 11 na nusu. Msimu uliopita mche wangu mmoja mzuri ulibeba kilo nne za matunda kwa wakati mmoja, kwa hiyo mstari wa kumi ni kilo arobaini ukiacha majani. Tukajaza ndoo mbili za lita 20, tukazitundika katikati ya waya. Waya umebonyea kama upana wa vidole vitatu. Nikaenda kona moja nikashika nguzo, nikaenda ya pili. Zimetulia. Baba mdogo kasimama pale anaangalia ndoo zinavyoning'inia, kimya, halafu akasema "mwanangu hii hata karakara inabeba."

Tukashusha zile ndoo, maji yake nikamwagilia miche, kwenye shina tu, bila kulowesha majani.