Mwaka wa pili wa uzamivu: programu ijaribiwe kabla ya data kuingia

Ukishatetea pendekezo la utafiti, uzamivu wa hisabati ya uhandisi hugeuka ghafla. Vipindi vimekwisha, mitihani imekwisha. Umebaki na mlinganyo, laptopu na msimamizi unayemwona mara moja kwa mwezi, pengine chini ya hapo. Wengi hukwama hapa, na kwa jinsi ninavyoona, ugumu wa hisabati si sababu kubwa. Wanakwama kwa kukimbilia data halisi wakiwa na programu ambayo hakuna aliyehakikisha kama inatatua ule mlinganyo walioandika.

Mfano uko mlangoni kwetu hapa Dodoma: maji ya ardhini ya Makutupora, kaskazini mwa jiji, ambayo mji umeyategemea kwa miongo mingi. Kiwango cha maji hupanda na kushuka kulingana na mambo manne: uwezo wa tabaka la ardhini lenye maji kuyapitisha (T), uwezo wake wa kuyahifadhi (S), mvua inayopenya hadi chini, na kinachovutwa na pampu. Kwenye karatasi ni mlinganyo wa mstari mmoja.

Kwenye kompyuta mambo ni mengine. Tuseme T ni mita za mraba 500 kwa siku, S ni 0.01, na kila mraba wa gridi una upande wa mita 100. Ukitumia njia ya eksplisiti, ile inayokokotoa kiwango kipya moja kwa moja kutokana na viwango vya hatua iliyopita, basi kwenye gridi ya pande mbili T × Δt ÷ (S × Δx²) isizidi 0.25 (Δt ni hatua ya muda, Δx ni upande wa mraba). Piga hesabu: hatua ya muda isizidi siku 0.05, yaani saa 1 na dakika 12. Kuiga miaka 10 kunadai hatua 73,000. Ukipunguza upande wa mraba hadi mita 50, hatua inashuka hadi dakika 18, nukta za gridi zinakuwa mara 4, na kazi yote inakuwa mara 16. Ukivuka kikomo hicho, utaona nukta moja inapanda na jirani yake inashuka, kama mabaka ya ubao wa drafti, halafu namba zinalipuka. Hapo usihangaike na data, punguza hatua ya muda.

Njia ya Crank na Nicolson ya mwaka 1947, inayochukua wastani wa hatua iliyopita na inayofuata, haina kikomo hicho, na ndiyo ningeichagua. Lakini nayo ina tabia yake: pampu ikiwashwa ghafla na hatua ya muda ikiwa ndefu, viwango karibu na kisima hutikisika juu na chini bila sababu yoyote ya kifizikia. Dawa yake ni kuanza na hatua chache fupi za njia ya Euler ya kurudi nyuma (inayotumia viwango vya hatua inayofuata peke yake, na kuzima mitikisiko), kisha ndipo uendelee na Crank–Nicolson.

Sasa jaribio lenyewe. Jitungie jibu, kwa mfano h = e^(−t) sin(πx/L), ambapo h ni kiwango cha maji, t ni muda, x ni umbali na L ni urefu wa eneo. Liweke kwenye mlinganyo, na kinachobaki upande wa pili kiingize kwenye programu kama chanzo cha maji. Sasa unalijua jibu sahihi kila mahali. Endesha programu kwa gridi ya mita 100, 50 na 25, na kila mara andika kosa kubwa kuliko yote. Kama njia yako ni ya daraja la pili, kosa linapaswa kugawanyika kwa 4 kila unapopunguza upande kwa nusu. Likigawanyika kwa 2 tu, nenda moja kwa moja kwenye mpaka usiopitisha maji. Mara nyingi mwanafunzi ameandika tofauti ya upande mmoja pale (mteremko unaokadiriwa kwa nukta za upande mmoja tu), na nukta chache za pembeni zinaharibu usahihi wa gridi nzima. Jibu la sini linakuwa sifuri mipakani, kwa hiyo mpaka wa aina hiyo ujaribu kwa kosini. Kisha ongeza nukta ya kufikirika nje ya mpaka, utumie tofauti ya katikati, inayochukua nukta za pande zote mbili. Kosa likigoma kushuka kabisa, huenda hatua ya muda ndiyo inayolitawala: nayo ipunguze pamoja na gridi.

Baada ya hapo linganisha na jibu la Theis la mwaka 1935, fomula ya jinsi maji yanavyoshuka kuzunguka kisima kimoja kinachovutwa. Usilinganishe kwenye nukta ya kisima chenyewe, kwa sababu mraba wa mita 100 unatoa wastani tu, haukioni kisima. Tena simama kabla mshuko haujafika mpakani, maana Theis alichukulia tabaka lisilo na mwisho.

Programu ikipita hapo, data iingie. Kuna mtego hapa ambao kamati huuona upesi. Ukiwa na viwango vya maji peke yake katika hali tulivu (yaani visivyobadilika kwa muda), T na maji yanayoingia huwezi kuvitenganisha: viongeze vyote mara mbili na viwango vinabaki vilevile. Kwa hiyo tafuta pia kumbukumbu za ujazo uliovutwa na pampu, mwezi kwa mwezi. Barua ya kuomba data hizo iandike mapema, hata kabla ya kugusa programu.

Na usitumie wastani wa mvua. Kumbukumbu za Makutupora, zinazorudi hadi miaka ya 1950, zinaonyesha kwamba tabaka hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Miaka mingine mingi kiwango kinashuka tu. Ukirekebisha modeli kwa miaka 5 mikavu, itakutabiria ukame usio na mwisho. Ukisambaza mvua kubwa sawasawa kwa miaka yote, itakupa maji ambayo hayapo.

Umeme nao hukatika. Agiza programu ihifadhi hali yake kila baada ya hatua 1,000, ili ikizimika saa nane za usiku ianzie ilipoishia.

Kwa msimamizi peleka kurasa mbili siku tatu kabla ya kikao: jedwali la makosa kwa gridi zote tatu, mchoro mmoja, na swali moja unalotaka lijibiwe siku hiyo. Jedwali hilohilo litaingia kwenye sura ya mbinu ya tasnifu, kwa hiyo liandike vizuri tangu mara ya kwanza, pamoja na tarehe na toleo la programu lililolitoa.