Dari ya banda la baba

Kaburini nilijikaza, nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Banda la gari ndilo lililoniliza.

Baba alilijenga kwa matofali ya kuchoma mwaka mmoja baada ya mimi kuondoka, kwa sababu nilimwahidi gari. Gari halikuja. Pesa ilikwenda kwenye ada za wadogo zangu, ikaja zamu ya matibabu yake, akafariki. Nimerudi Muheza baada ya miaka 13, nikafungua ile milango miwili ya mbao, nikakuta magunia ya mahindi, baiskeli yake, na maboksi niliyokuwa natuma, mengine hata hayajafunguliwa. Yote chini sakafuni. Ya chini kabisa yalikuwa yameliwa na mchwa.

"Mwanangu, si ulikuwa unatengeneza dari za Wazungu?" mama akaniambia. "Basi tutengenezee na hii."

Ni kweli. Kule Minnesota, Marekani, kwenye baridi kali, nilifanya kazi miaka saba na kikosi cha kuweka pamba ya faiba, yaani nyuzi za kioo za kuzuia joto, kwenye dari za nyumba na gereji. Watu wengi walitaka gereji juu pawe stoo. Swali letu la kwanza lilikuwa moja: gereji hii inapashwa moto? Kama haipashwi, pamba haina kazi, weka mbao tu. Kama inapashwa, hapo kazi ipo. Kule joto ni mali, kwa hiyo pamba hulazwa katikati ya boriti ili joto la chini lisipande likapotea. Kwenye nyumba ilifika unene wa karibu sentimita 40. Kosa tulilolikuta mara nyingi ni la mwenye nyumba aliyepigilia plaiwudi moja kwa moja juu ya pamba akaikandamiza. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya pamba, ukiikandamiza umeitoa. Sisi tulipigilia mbao nyingine kukatiza boriti, sakafu ikainuka, pamba ikapumua. Na kwenye upenu, ukingo wa chini wa paa, tuliacha njia ya hewa, maana ikizibwa, mvuke hugeuka barafu chini ya paa.

Nilitaka kufanya vivyo hivyo hapa. Nilipanda ngazi saa nane mchana, wakati wa kaskazi, sikumaliza dakika tano. Kulikuwa na pakiti ya mishumaa mtu aliisahau juu ya kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Yote ilikuwa imeinama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ujuzi wangu nimeushika kichwa chini. Hapa joto linatoka juu. Bati linamulika kama jiko la mkaa lililopinduliwa. Ningelaza pamba kwenye sakafu ya dari, chini pangepoa, lakini mahindi na nguo za juu zingeiva. Pa kuzuia ni chini ya bati penyewe.

Fundi niliyemwita ni kijana, lakini ana macho. Akagonga mbao ya chini ya kenchi, akasema, "Dada, hii ilipigwa ibebe siling bodi tu. Ukipakia magunia, itavuta kuta." Alisema jambo lile lile tulilokuwa tukiwaambia wateja Marekani, nikafurahi kupita kiasi. Basi hatukuzigusa kenchi. Banda lina upana wa mita 3, tukalaza boriti mpya za inchi mbili kwa sita kutoka ukuta hadi ukuta, kila sentimita 40, mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Juu yake plaiwudi ya milimita 18, kwa skrubu, misumari hulegea. Magunia mazito tumeyaacha chini, kwenye chaga. Darini ni maboksi, nguo, vyombo vya sherehe.

Chini ya bati tumevuta karatasi ya alumini, lakini haigusani na bati. Nililisimamia hilo mwenyewe. Karatasi inayong'aa inarudisha joto pale tu inapotazamana na uwazi; ikigusa bati inakuwa bati la pili. Tumeacha nafasi ya vidole vitatu, hewa inaingia kwenye upenu, inatokea chini ya kofia ya paa, na kote tumeweka wavu kwa sababu ya popo. Sasa saa nane naweza kukaa juu nikapanga vitu. Joto lipo, hii ni Tanga, lakini mtu anakaa.

Wakati wa kupandisha, nikalifungua boksi moja dogo. Lilikuwa na kava la usukani na mazulia manne ya gari, ndani ya nailoni. Nilikuwa nimevitanguliza. Mama akasema baba alikuwa akilitoa vumbi boksi hilo kila Ijumaa.

Nililipandisha mwenyewe. Liko karibu na ngazi, mtu akipanda ndilo analoliona kwanza.