Mlio na Kitufe

Nilipokuwa nasoma Austin, Texas, mwanafunzi aliyeishiwa alikuwa na njia moja ya haraka ya kupata dola za matumizi: kujitolea kwenye tafiti za saikolojia pale chuoni. Ndiyo iliyonikalisha mchana mmoja mbele ya kompyuta, tumbo likinguruma, kwa sababu sharti lilikuwa kutokula kwa muda wa saa nne.

Kwanza nilipewa dola 3 za kunadia vitafunwa. Picha inakuja, unasema uko tayari kutoa kiasi gani. Chokoleti, krispi, biskuti, karanga za chumvi. Mimi mtoto wa Tanga, niliyekuzwa kwa mihogo ya kukaanga na kachori, vingine nilikuwa navipita tu dukani.

Kisha yakaja mazoezi, na hapa ndipo penyewe. Picha zilipita mojamoja, kila moja sekunde moja. Kwa baadhi yake, kama robo hivi, mlio ulisikika, nawe ubonyeze kitufe kabla picha haijatoweka. Basi! Hakuna pointi, hakuna hongera, hakuna senti ya ziada ukiwahi wala kukatwa ukichelewa. Mlio wenyewe ulichelewa makusudi, kwa hiyo ilibidi ukae chonjo. Picha zilezile zikazunguka na kuzunguka mpaka nikachoka. Nilidhani wanapima wepesi wa mkono wangu.

Mwisho nikawekewa vitu viwiliviwili, vile nilivyovipa bei zinazokaribiana, nichague upesi. Kimoja kati ya nilivyochagua kingetolewa kwa bahati nasibu nikipate. Nikaangukia karanga. Msaidizi wa utafiti aliponiuliza kwa nini nilizipenda, nikamwaga sababu: chumvi, nyumbani, bibi yangu aliyekuwa akizikaanga kwa mchanga. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akanieleza kwamba karanga zilikuwa miongoni mwa picha zenye mlio.

Sikumwamini hadi 2014, mtafiti Tom Schonberg na wenzake walipochapisha matokeo. Vitu vya mlio, hasa vile ambavyo watu walikwisha kuvithamini sana, vilipowekwa na vya bei ileile visivyo na mlio vilichaguliwa mara 60 hadi 65 katika kila 100, na mwelekeo huo ulionekana hata baada ya miezi miwili. Macho nayo yalivikazia zaidi. Hilo la macho ndilo lililonishawishi: mlio unakuzindua, na kilicho mbele yako wakati huo kinapata uzito ambao hukukipa wewe. Sababu za bibi zilikuja baadaye, zikijipanga vizuri kabisa.

Jioni ile ya jaribio nilimsimulia mwenzangu wa chumbani, mtu wa Mombasa.

"Kumbe nishakuwa naishi na mbwa wa Pavlov, yule mwanasayansi aliyewazoesha mbwa kudondoka mate wakisikia mlio!"

"Yule alipewa nyama, bwana. Mimi kwa kubonyeza kote kule sikupewa hata shukrani."

"Basi mbwa kakushinda akili," akasema, akainyakua pakiti ya karanga.