Siku moja maishani mwangu: kuhesabu chui

Saa 11 alfajiri. Gari limeshawaka na redio ya mawasiliano imeshajaribiwa. Mimi ni mtafiti wa wanyamapori katika hifadhi, na msimu huu tunahesabu chui. Wengi wakisikia hivyo hudhani nashinda nikimtazama chui juu ya mti. Kwa kweli naweza kumaliza wiki nzima sijamwona hata mmoja. Ninachokutana nacho ni nyayo, kinyesi, mikwaruzo kwenye magome ya miti, na picha zake.

Saa 12 na nusu asubuhi. Kituo cha kwanza cha kamera. Askari wa wanyamapori anatangulia na bunduki, mimi nafuata kimyakimya, maana nyati akishtushwa kichakani hushambulia bila onyo. Kila kituo kina kamera mbili zinazotazamana, zinazojipiga picha zenyewe mnyama akipita, zimefungwa kwenye miti usawa wa goti pande mbili za njia ya wanyama. Tunaweka mbili kwa sababu madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia. Ukiwa na upande mmoja tu, ni rahisi kumhesabu chui yuleyule mara mbili. Nabadilisha betri na kadi, napangusa lenzi, nafyeka nyasi zilizorefuka mbele yake, kisha napita mbele ya kamera nikitambaa kwa mikono na magoti ili nihakikishe inamnasa mnyama wa kimo hicho. Tunakwenda kituo kinachofuata.

Saa 4 asubuhi. Redio inaita: mbuzi wawili wameuawa kijijini, mpakani mwa hifadhi. Tunageuza gari kwenda kwa mzee mwenye mbuzi.

“Pole sana, mzee.”

“Nimeshapoa, mwanangu. Lakini chui wenu atanimalizia zizi.”

Namwomba ruhusa nichune ngozi ya shingo ya mbuzi mmoja. Chini ya ngozi kuna matundu manne kooni, na damu imevilia kuyazunguka. Hiyo damu ndiyo ninayoitafuta: huvilia mnyama akiumwa angali hai. Angekuwa amekufa kwa ugonjwa kisha akaliwa, nyama ya hapo isingekuwa na weusi huo. Manyoya ya tumbo yamenyofolewa, na mburuzo unaelekea kichakani. Fisi angeshaitafuna mifupa. Naandika kwenye fomu: chui. Namweleza mzee hivyohivyo, bila kuzungukazunguka, kwa sababu mtu aliyepoteza mali yake anastahili ukweli, na kwa sababu mfugaji akiona tunaficha, ataacha kutuita na atatega sumu. Sumu kwenye mzoga haichagui. Inaua chui, fisi, tai na mbwa wa nyumbani kwa pamoja.

Tunakaa naye kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Ukuta wa zizi ni mrefu, lakini chui ni mpandaji, hivyo urefu peke yake haumzuii. Zizi linahitaji paa, hata la wavu wa waya, na mlango usioacha upenyo. Tunapima pamoja na mzee, na namwachia mchoro. Kwangu mimi hii ni kazi ya uhifadhi kamili, sawa na kamera zote za porini.

Saa 8 mchana. Ofisini, mbele ya kompyuta. Picha nyingi ni za swala, nungunungu na majani yaliyotikiswa na upepo. Nikimpata chui, nalinganisha madoa ya bega na paja na albamu tuliyonayo, doa kwa doa, kwani hakuna chui wawili wenye mpangilio mmoja. Hesabu yenyewe ina mizizi ya zamani: mwanasayansi wa Denmark, Petersen, aliweka msingi wake kwa kuwatia samaki alama mwaka 1896, na mtafiti wa ndege wa Marekani, Frederick Lincoln, akaitumia kwa mabata wa Amerika Kaskazini mwaka 1930. Tuseme awamu ya kwanza tumetambua chui 12, ya pili 10, na kati ya hao 10, sita tulishawaona awamu ya kwanza. Unazidisha 12 kwa 10, unagawa kwa 6, unapata makadirio ya chui 20. Siku hizi tunatumia programu zinazozingatia pia umbali kati ya kamera, lakini wazo ni lilelile.

Saa 10 alasiri. Kikao cha menejimenti. Kuna pendekezo la barabara mpya ya doria kupita bondeni. Naonyesha ramani: picha za majike wenye watoto zimekusanyika humohumo bondeni. Mkuu wa doria naye ana hoja nzito, kwamba majangili wanaotega mitego ya nyaya hupitia huko. Tunakubaliana kupima njia ya juu ya ukingo kwanza. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile asilia, imemweka chui katika kundi la “Vulnerable”, yaani wanyama wanaokabiliwa na tishio la kutoweka, na maamuzi madogo kama haya ndiyo yanayogusa idadi yake.

Saa 2 usiku. Najibu ujumbe wa vijana wanaotaka kazi hii. Swali kubwa ni wasome nini. Nawaambia: biolojia na ikolojia, ndiyo, lakini msikimbie takwimu, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Jifunzeni ramani za kompyuta, huduma ya kwanza, na kuendesha gari kwenye matope. Ombeni kujitolea kwenye mradi wowote wa kuhesabu ndege au wanyama ulio karibu nanyi, hata kama kazi mtakayopewa ni kuchambua picha za majani.