Jumatano ya pikapu: siku moja chini ya Hilux, Moshi

Saa 12 asubuhi

Wanaonipa mzigo wa ndizi kutoka Kibosho wameshazoea: Jumatano pikapu haipandi mlima. Siku hiyo ni yake. Inabaki uani kwetu Pasua, nami nabaki nayo mpaka jioni nitakapoitoa kuijaribu. Ni Toyota Hilux LN106, kizazi kile cha 1988 hadi 1997, injini ya dizeli iitwayo 3L (ni jina la injini, si lita tatu), springi za bapa mbele na nyuma, gari la enzi ambazo kila kitu kilifunguka kwa spana na bisibisi. Naipenda kwa sababu hiyo. Ila kinachofungulika nyumbani lazima pia kitazamwe nyumbani, maana hakuna taa ya kompyuta itakayokuambia kitu.

Leo nimeamka nikijua pa kuanzia. Jana nikiteremka kuelekea soko la Mbuyuni na mikungu imejaa, kila nikikanyaga breki gari lilikuwa linavuta kulia, kidogo tu, kiasi cha kulazimika kushika usukani kwa nguvu. Aliyekaa pembeni yangu hakugundua. Mimi niligundua, na tangu hapo nilishusha kwa gia ya pili, injini ikishikilia mzigo, breki nikazigusa kidogo kidogo.

Usiku huwa natandaza maboksi yaliyofumuliwa chini ya gari zima. Asubuhi yananionyesha kila tone limetoka wapi. Chini ya injini hakuna kitu. Giaboksi, tone moja lile la siku zote. Lakini ndani ya tairi la nyuma kushoto kuna doa pana kama sahani.

Hapo watu wengi husema "breki inavuja" na kukimbilia dukani kununua wili silinda, ile silinda ndogo ya breki iliyo ndani ya gurudumu. Subiri kwanza. Gusa hiyo oili kwa kidole. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza kama maji ya sabuni, na yakimwagika kwenye rangi ya gari yanaibambua. Oili ya difu, yaani ya yale meno ya katikati ya ekseli yanayogawa nguvu kwa magurudumu, ni nzito, inavutika, na inanuka kiberiti, harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Ukiwa bado na wasiwasi, dondoshea kidogo kwenye kikombe cha maji: mafuta ya breki yanachanganyika na maji, oili inaelea juu. Yangu imeelea. Kwa hiyo ni sili, ule mpira unaozuia oili kwenye saidi shafti (fimbo inayozungusha gurudumu), si breki yenyewe.

Saa 1

Ukaguzi wa injini ikiwa bado baridi. Oili iko kati ya alama mbili. Maji ya rejeta yamejaa, hayana utando wa oili. Mkanda wa feni nikiubonyeza unabonyea kiasi. Halafu nachuja maji kwenye filta ya dizeli: nalegeza kile kizibo cha chini, nabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta, nakinga kwenye chupa. Matone machache ya maji yametangulia, kisha dizeli safi. Nimefunga.

Nikawasha. Taa ya hita plagi ikazima, stata ikazungusha, ikawaka bila moshi mweupe. Juni hii Moshi asubuhi kuna baridi ya kweli, kwa hiyo dizeli kuukuu ikiwaka hivyo unashukuru.

Saa 2

Kuosha chini. Mpwa wangu, anayesomea ufundi wa magari VETA, yuko likizo na amekuja kunisaidia. Alitaka tupige jeki mara moja.

"Mjomba, tunaosha ya nini wakati tunakwenda kuchafuka?"

Nikamwambia asogee aone. Ekseli ya nyuma ilikuwa imefunikwa na tope la masika lililokauka, lile jekundu la barabara za vijijini Kibosho, mpaka huoni nati iko wapi. Ukifungua saidi shafti katika hali hiyo, mchanga unaingia moja kwa moja kwenye beringi na kwenye difu. Tukatumia brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo sehemu zenye grisi, halafu maji na sabuni ya unga. Tulifanyia upande wa barabarani, mbali na mfongo, mfereji wa maji, unaopita nyuma ya nyumba, kwa sababu maji yale majirani wanamwagilia mboga.

Saa 3

Nati za tairi zinalegezwa tairi likiwa bado chini. Magurudumu ya mbele yanawekewa vigingi mbele na nyuma. Jeki inapanda, stendi inaingia chini ya ekseli, jeki inashushwa mpaka uzito wote ukae kwenye stendi, halafu unalisukuma gari kwa bega uone kama linatikisika. Stendi zangu zilichomelewa hapa mjini kwa bomba nene la chuma. Nimeona watu wakiegemeza magari kwenye tofali za bloku. Nawaomba muache. Bloku haipindi ikakupa onyo, inapasuka ghafla, na wewe umelala chini.

Dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, iligoma kutoka. Usiipige nyundo pembeni, chuma cha kusubu kinameguka. Toyota waliacha matundu mawili yenye uzi kwenye uso wa dramu: unaingiza bolti mbili za milimita 8, unazikaza kwa spana namba 12 kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, na dramu inajisukuma yenyewe. Mpwa ndiye aliyekaza. Ilipoachia ilitoa mlio mmoja, ikaja mkononi.

Ndani kulikuwa kubaya. Shuu, vile vipande vinavyoikandamiza dramu kwa ndani ili gari lisimame, zimelowa zote mbili, nyeusi, zinang'aa. Vumbi la breki limegeuka uji na kujaza chini ya springi.

"Si tunaziosha tu na petroli, mjomba?"

Hapana. Shuu ikishakunywa oili, imeingia kwenye vitundu vya ndani kabisa. Ukiiosha inaonekana kavu, ukishuka mlima ikapata moto oili inatoka tena usoni. Na hazibadilishwi upande mmoja. Ukiweka mpya kushoto na kuacha za zamani kulia, gari litaendelea kuvuta, safari hii upande mwingine.

Nikachomoa bomba la breki na kebo ya handibreki, nikafungua nati nne nyuma ya sahani ya breki, saidi shafti ikatoka nzima na beringi yake. Nimeizungusha beringi mkononi: laini, haina sauti. Sili ya ndani ya ekseli ndiyo iliyokwisha, mdomo wake wa mpira umekuwa mgumu na springi yake ndogo ya duara imetoka nje.

Na sasa ndipo nilipotaka mpwa wangu anisikilize. Sili hii si kuukuu. Haikupaswa kuisha. Kwa nini basi imeisha?

Juu ya ekseli kuna kipumulio cha difu, kitu kidogo chenye kifuniko kinachocheza. Difu ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka na inatokea pale. Kikiziba, hewa inatafuta njia nyingine, nayo haina nyingine ila kusukuma oili kupita kwenye sili. Tulikifungua. Kilikuwa kimejaa tope gumu lile lile la masika, huwezi kupuliza hata kidogo. Kijana akakishika akakitazama kwa muda mrefu, akasema darasani walitajiwa lakini hajawahi kukiona kimeziba.

Kuna wenye pikapu hapa mjini wanaobadilisha sili ya nyuma kila baada ya miezi michache na kulaumu duka la spea. Wangetazama kipumulio kwanza.

Saa 5

Bodaboda hadi mjini, na sili ya zamani mfukoni. Spea hununui kwa kutaja jina la gari peke yake. Unaweka ya zamani juu ya mpya, unalinganisha kipenyo cha nje, cha ndani na unene. Kwenye sili natazama mdomo kama ni laini na hauna mkwaruzo, na kama springi yake ndogo imekaa sawasawa kuzunguka. Nimekataa ya kwanza niliyopewa kwa sababu mpira wake ulikuwa na mkunjo. Nimechukua sili mbili, ya kushoto na ya kulia, shuu seti nzima, oili ya difu ya GL-5, na chupa ya mafuta ya breki DOT 3 yenye muhuri. Chupa iliyofunguliwa sinunui hata nikipunguziwa bei: mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani.

Saa 7

Kiburu, ndizi na maharage, na chai. Mke wangu ametuwekea sabuni na maji ya moto mlangoni kabla hatujakanyaga ndani.

Saa 8 mchana

Kurudisha. Sehemu sili inapokaa nimeipangusa mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nimepaka grisi kidogo kwenye mdomo wa sili, nikaigonga taratibu na kipande cha mbao tambarare, ikaingia wima bila kuinama upande. Ukiigonga na nyundo moja kwa moja unaikunja, na kazi yote unairudia. Saidi shafti inarudishwa kwa kuinyanyua, sio kuiburuza juu ya sili mpya. Mpwa aliishika kwa mikono miwili na kuifikisha mpaka meno yakaingia kwenye difu. Kulia tulifanya vilevile. Kipumulio kimeoshwa kwa mafuta ya taa mpaka kikapumua, na kifuniko chake sasa kinacheza.

Oili ya difu: fungua kizibo cha kujazia kabla ya cha kumwagia. Kile cha juu kikigoma baada ya kuimwaga oili yote, gari limekwamia hapo hapo. Tumemwaga, tumejaza mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, tukafunga. Oili chafu imeingia kwenye dumu. Seremala wa jirani huja kuichukua apake nguzo, mchwa wasile.

Dramu nimezipima. Kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kimepigwa chapa kwenye dramu yenyewe, na zangu bado zina nafasi. Shuu mpya zikafungwa, tukaziseti mpaka dramu ikizungushwa inasikika ikigusa kidogo sana.

Saa 10

Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Niliamua kubadilisha mafuta yote ya breki, si kujazia tu, kwa sababu yale ya zamani yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinashuka mpaka karibu 140. Kwenye barabara tambarare ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC hutaona tofauti. Ukiteremka kutoka Kibosho na mzigo, mguu ukiwa kwenye breki muda wote, yanaweza kuchemka, mvuke ukaingia kwenye mabomba, na pedeli ikazama mpaka chini bila kushika kitu. Kwenye pikapu yangu hukaa mama wenye ndizi na wakati mwingine wajukuu zao. Sina mjadala na mafuta ya breki.

Unaanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile inayosukuma mafuta pedeli ikikanyagwa. Kwa gari la usukani wa kulia ni nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Mpwa kwenye pedeli, mimi chini na mpira mwembamba ndani ya chupa.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Nafungua, mapovu yanatoka, nafunga. "Achia."

Hivyo hivyo mpaka mapovu yakaisha na mafuta yakatoka yakiwa na rangi yake ya upya. Kila baada ya mara chache nilikuwa nainuka kujazia kopo la masta silinda, kwa sababu likikauka unavuta upepo upya. Nyuma kuna pia ile vali inayosoma uzito, yenye fimbo iliyoungwa na ekseli: mzigo ukiongezeka inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Wapo wanaoifunga kwa waya ikishakwama. Ikikwama isafishwe au ibadilishwe, kwa sababu ndiyo inayoamua gari tupu lisiserereke nyuma kwenye mvua. Yangu inacheza. Nimeipaka grisi kwenye kiungo.

Saa 11 jioni

Majaribio. Kwanza uani, mwendo wa kutembea. Kisha barabara isiyo na watu, nikaachia usukani kidogo nikikanyaga: limesimama limenyooka. Tukapanda barabara ya Kibosho kiasi, tukageuza, tukashuka. Chini nilisimama nikasogeza kiganja karibu na dramu ya kushoto, halafu ya kulia. Joto sawa. Upande mmoja ungekuwa wa moto sana ningejua shuu inakwaruza, ungekuwa baridi ningejua haishiki. Ndani ya magurudumu, pakavu.

Nati za tairi nimezikaza tena baada ya safari hiyo fupi. Kesho nikipakua nitazikaza mara nyingine.

Saa 2 usiku

Daftari. Naandika kilomita, nilichobadilisha, nilichoona. Kinachofuata ni mkanda wa taimingi. Kwa 3L ni kila kilomita 100,000, nao ndio unaozungusha kemshafti na pampu ya dizeli. Ukikatika vali zinagonga pistoni. Namba zinakaribia, kwa hiyo ndizi za mwezi huu zimeshapangiwa matumizi. Kipumulio nimekiandika pia, kwa herufi kubwa: kila baada ya masika na kila baada ya vuli.

Nimempigia mama wa Kibosho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Gari limepona?"

Nimemwambia limepona, saa kumi na moja alfajiri nitakuwa getini kwake. Akasema mikungu imeongezeka, nije na kamba ndefu.